Umepiga Kituo cha

Saa tisa usiku Bi Nyangeta alipiga kutoka Ukara
kuuliza bei ya dagaa, na seva ikamjibu kwa adabu:
"Karibu. Umepiga kituo cha"
kisha kimya, kimya cha urefu wa jina,
kisha "bonyeza moja."

Akanipigia mimi, kwenye simu yangu ya mkononi.
"Misoji, kituo cha nani? Mtambo wenu unameza majina."

Nikashuka Mwaloni, koti juu ya kanga.
Umeme ulikatika saa sita, ukarudi wenyewe,
na seva ikaamka yenyewe, juu ya kreti la soda,
taa zake za kijani zikikonyezana kana kwamba hakuna lililotokea.
Chumba kinanuka dagaa. Kila kitu hapa kinanuka dagaa,
hata kibodi, hata herufi.

Mstari ule niliuandika mimi, mwezi wa tatu:
simu ikiingia, yaulize mazingira jina la kituo, kisha ulitamke.
Mstari mfupi. Niliuonea fahari.
Kwani vituo ni vinne, Mwaloni, Igombe, Kayenze, Nansio,
na programu ni moja; sikutaka kuichanja majina kifuani,
nilitaka kila mtambo uchungulie nje ya mlango wake
ujue umeamkia wapi.

Nikakaa, nikauliza kwa mkono wangu:
KITUO ni nini?
Skrini ikajibu bila kusita: Mwaloni.
Nikauliza kutokea ndani, kwa kinywa cha seva ileile:
KITUO ni nini?
Pengo.

Mara tatu. Mwaloni, pengo. Mwaloni, pengo.
Nikatukana kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini.
Nje, korongo waligonga midomo juu ya mabati.

Mwalimu wetu pale Nyegezi aliviita vigeu vya mazingira,
na sisi wa nyuma tukacheka: vigeugeu!
Mimi nilidhani mazingira ni kama ziwa,
kama magugu maji upepo unapoyaleta Igogo,
kitu kilichopo tu, utake usitake,
kinachokuzunguka hata usipoambiwa.

Sivyo. Saa kumi kasoro robo nikaelewa sivyo.
Kwa mashine, mazingira ni urithi.
Mwana hupewa na mzazi dakika ile ya kuzaliwa;
akinyimwa hapo, amenyimwa,
ziwa lote laweza kupiga kelele dirishani
asisikie neno.
Siku zote niliiwasha kwa mkono wangu,
nikiwa nimeshalitaja jina, Mwaloni,
nayo ikarithi. Usiku huu imezaliwa na umeme,
na umeme haujui jina la mtu.

Dawa yake ni mstari mmoja, wala si wa kujivunia:
kwenye faili ambalo mzazi wa programu zote hulisoma
kabla hajazaa chochote, nikaandika KITUO, alama ya sawa, Mwaloni.
Nikataka kuiwasha. Nikajizuia.
Nikachomoa waya ukutani, nikahesabu hadi kumi,
nikaurudisha, nikaweka mikono kwapani,
nikaiacha izaliwe bila mimi.

Kisha nikapiga.
"Karibu. Umepiga kituo cha
Mwaloni."

Sauti ni ya Lugembe, aliyehamia Geita mwaka jana,
akatuachia majina manne aliyoyarekodi asubuhi moja
dirisha likiwa wazi. Sikuwahi kumsikiliza vizuri:
nyuma ya "Mwa" kuna korongo anagonga mdomo,
nyuma ya "loni" mtu anabishania debe,
na kabla ya "bonyeza moja," katika ule upenyo mdogo,
maji.

Kulipokucha nikampigia Bi Nyangeta.
Alikuwa keshauzia Nansio.
Kule, alisema, umeme haukukatika,
na mtambo wao unajua kwao.